Tertio na Wenzake

Fungueni Waraka kwa Warumi, sura ya 16, mstari wa 22. Hapo mtu mmoja aitwaye Tertio ajitokeza ghafula, awasalimu wasomaji kwa jina lake mwenyewe, wala hatumsikii tena mahali pengine. Ndiye aliyeshika kalamu Paulo alipokuwa akinena. Waraka twauita wa Paulo, na ni haki. Lakini wino ulikuwa mkononi mwa Tertio. Mstari huu hupitwa upesi katika mafundisho yetu. Basi leo twataka kuwatazama wenzake Tertio katika kazi nyingine ijulikanayo kwa jina la mtu mmoja, yaani Biblia ya Luther.

Twajua sote habari ya ngome ya Wartburg, jinsi Luther alivyofichwa humo akafasiri Agano Jipya kwa Kijerumani kwa muda wa majuma 11 hivi, nalo likapigwa chapa Wittenberg mwezi wa Septemba 1522. Lakini hata Agano hilo alilipitia kwanza pamoja na Filipo Melanchthon, mjuzi wa Kiyunani. Na Biblia nzima haikutoka mpaka mwaka 1534. Katika Kiebrania alisaidiwa na Matthäus Aurogallus, mwalimu wa lugha hiyo. Luther mwenyewe aliandika mwaka 1530 ya kuwa katika kitabu cha Ayubu wao watatu walifanya kazi siku nne, wakapata mistari mitatu kwa shida.

Hao walikuwa wataalamu, na majina yao yamehifadhiwa. Lakini alipofikia habari za sadaka katika Mambo ya Walawi, wataalamu walikwama. Mtu aweza kujua Kiebrania sana, asijue watu wa sokoni waitaje kwa lugha yao kitambi kilicho katika ini. Johannes Mathesius, mwanafunzi aliyekula mezani pa Luther, asimulia kwamba Luther alichinjisha kondoo kadhaa mbele yake, ili mchinjaji amtajie kila kiungo kwa jina lake. Katika habari hiyo mchinjaji hana jina. Vivyo hivyo fundi aliyechora picha nyingi za Biblia ile ya 1534 ajulikana kwa herufi mbili tu, M na S, alizozitia pembeni mwa picha zake.

Tena tusidhani ya kuwa ni mambo ya Ulaya tu. Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1937 yaitwa ya Roehl mpaka leo, lakini hakuna mgeni afasiriye Kiswahili pasipo wenyeji wa kumwambia, “Hivyo hatusemi.”

Ila wa kumkumbuka zaidi, kwa maoni yetu, ni Georg Rörer. Alizaliwa mwaka 1492, na mwaka 1525 Luther alimwekea mikono awe shemasi wa kanisa la mji wa Wittenberg. Luther hakuwa na desturi ya kuandika mahubiri yake yote neno kwa neno. Alipanda mimbarani na maneno machache ya kumkumbusha, akanena. Chini yake aliketi Rörer akiandika mbio, nusu Kilatini nusu Kijerumani, kwa vifupisho vyake mwenyewe. Alifanya hivyo miaka zaidi ya 20. Mwaka 1527 tauni iliingia mjini, na mkewe akafa. Lakini Rörer hakuiacha kalamu. Walipokutana kuisahihisha Biblia, ndiye aliyeandika mashauri yao, na karatasi zilipotoka kwa mpiga chapa Hans Lufft, ndiye aliyezisoma kutafuta makosa.

Na alipata thawabu gani? Luther alifariki mwezi wa Februari 1546, na kwa ajili ya masahihisho yaliyotiwa katika Biblia ya mwaka ule Rörer alishutumiwa kuwa ameyageuza maneno ya mwalimu wake. Ndivyo ilivyo kazi ya msahihishaji: ikiwa njema haionekani, na ikidhaniwa kuwa mbaya jina lake hutajwa mara. Alikufa mjini Jena mwaka 1557. Maandishi yake yalikaa huko miaka zaidi ya 300, mpaka wataalamu walipoyafungua mwishoni mwa karne ya 19 na kufahamu thamani yake. Mahubiri mengi ya Luther tuliyo nayo yametoka katika karatasi hizo. Kama Rörer angaliketi na kusikiliza tu, yangalipotea.

Waalimu watakaotumia somo hili, twawaomba wasiishie Wittenberg. Waulizeni wazee wa usharika: Ni nani waliobeba mawe ya kanisa letu? Ni mama gani waliochota maji ya kukorogea udongo? Nani alimfundisha mwalimu wa kwanza lugha ya hapa? Majibu yaandikwe katika kitabu cha usharika, jina kwa jina, maana baadhi ya wazee wanaokumbuka wamekwisha kuwa dhaifu.