MFUPA UNA WAJENZI NA WAVUNJAJI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani,

Mama wa miaka 60 anateleza uani. Anaanguka kidogo tu, lakini mkono unavunjika. Majirani wanasema ni uzee; wengine wanasema ni uchawi. Tujifunze sababu.

Mfupa si jiwe. Ni kitu chenye uhai. Ndani yake mna chembe zinazovunja mfupa wa zamani, na chembe nyingine zinazojenga mpya. Wewe wa chini ya ardhi unaijua kazi hiyo: wamoja wanapasua mawe, wengine wanaweka miti ya kushikilia juu. Wapasuaji wakizidi mbio na miti ikichelewa, mwamba unaanguka.

Msimamizi mmoja wa kazi ya mfupa ni estrojeni, homoni inayotoka hasa katika ovari za mama. Inapita katika damu, lakini amri yake haifai kitu isipopokewa. Kwa hiyo chembe za mfupa zina vipokezi. Wataalamu wa Marekani walivionyesha katika chembe wajenzi mwaka 1988. Estrojeni ikishikana na kipokezi, wavunjaji hupungua na wajenzi hudumu.

Karibu na miaka 50, damu ya mwezi hukoma na estrojeni hushuka. Vipokezi vingali mahali pao, lakini amri haiji tena. Wavunjaji wanawashinda wajenzi. Ndipo mkono, mgongo na nyonga huvunjika kwa urahisi.

Baba, usiseme: «Hayo ni mambo ya wanawake.» Mwili wako pia hugeuza sehemu ya homoni ya kiume kuwa estrojeni. Mwaka 1994 waganga wa Marekani walieleza habari za mwanaume wa miaka 28. Alikuwa na estrojeni nyingi katika damu, lakini vipokezi vyake vilikuwa vibovu. Urefu wake ulifika sentimeta 204, naye alikuwa akiendelea kukua. Hata hivyo mifupa yake ilikuwa dhaifu. Walimpa estrojeni zaidi, haikumsaidia.

Tufanye nini?

1. Kula ndagala pamoja na mifupa yake, maharage, mboga za majani, na maziwa ukiyapata.
2. Unayeshinda chini ya ardhi, siku ya pumziko ota jua kidogo. Jua huupa mwili vitamini D.
3. Tembea, lima, fanya kazi. Mwili unaolala hupoteza mfupa.
4. Acha tumbaku, punguza pombe.
5. Nyumbani, panguseni maji sakafuni, wekeni taa njiani kwa usiku.
6. Mama ambaye damu imekoma kabla ya miaka 45, au aliyeondolewa ovari, amwone mganga.
7. Msinunue vidonge vya homoni sokoni. Vinaweza kugandisha damu mishipani, na vingine huongeza hatari ya kansa ya titi. Mganga peke yake ndiye wa kuamua.

Mfupa uliovunjika kwa anguko dogo ni onyo. Nenda hospitali, usingoje wa pili!