Khabari za Prolaktini, Homoni ya Maziwa, na Yampasayo Mume Kuyajua

Watu wengi hudhani kwamba maziwa ya mama ni jambo la kifua chake tu, na kwamba utasa ni jambo la tumbo lake tu. Dhana zote mbili si sahihi. Amri ya maziwa hutoka kichwani, na utasa nao huweza kuanzia kichwani. Wala si kichwani mwa mke peke yake, bali hata mwa mume. Kinachoyaunganisha mambo haya ni kitu kimoja kiitwacho prolaktini. Khabari zake zafaa kujulikana na kila mwenye nyumba, kwani kwa kutokuzijua mke huweza kuachwa bila ya kosa, na mwanamke asiye na hatia huweza kusingiziwa.

1. MAANA YA HOMONI

Homoni ni kitu kinachotengenezwa na tezi ya mwili, kikamwagwa katika damu, kikaenda mpaka kiungo kilicho mbali na kukiamrisha kazi yake. Mfano wake ni barua: aliyeiandika yuko mji mmoja, aliyeandikiwa yuko mji mwingine, na damu ndiyo jahazi liichukualo.

Tezi kubwa itoayo prolaktini yaitwa pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya mbaazi, wala uzito wake kwa kawaida haufiki gramu moja. Yakaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, ndani ya kishimo cha mfupa ambacho matabibu wa Ulaya walikiita kwa Kilatini tandiko la Kituruki, kwa kuwa umbo lake lafanana na tandiko la farasi. Juu yake kidogo hupita mishipa ya macho. Jambo hili lishikwe, kwani lina maana yake huko mbele.

2. JINSI ILIVYOJULIKANA

Mwaka 1928, Stricker na Grueter, wataalamu wa mji wa Strasbourg huko Ufaransa, walionyesha kwamba sungura wakidungwa maji yaliyotolewa katika tezi hii hutoa maziwa. Kisha mwaka 1933 Oscar Riddle na wenziwe wawili, Bates na Dykshorn, huko Marekani, walieleza jinsi ya kuitenga homoni hiyo na kuipima, nayo ikaitwa prolaktini. Riddle aliijaribu kwa njiwa. Njiwa, dume na jike wote wawili, huwalisha makinda yao kitu mfano wa maziwa kitokacho katika mfuko ulio kooni mwao, na amri yake ni prolaktini hiyo hiyo. Basi tangu mwanzo ilidhihirika kwamba homoni hii si ya majike peke yao.

Kwa mwanaadamu khabari ilichelewa, kwa kuwa prolaktini yake ilikuwa vigumu kuitenga na homoni ya ukuaji. Mnamo miaka ya 1970 na 1971 ndipo ilipobainika wazi kwamba ni vitu viwili mbalimbali, ikawezekana kuipima katika damu. Tangu hapo mambo mengi yaliyokuwa yakinenwa kwa kukisia yakawa hupimwa.

3. KAZI YAKE KWA MAMA

Mwanamke apatapo mimba, prolaktini huzidi mwezi baada ya mwezi, hata karibu na kuzaa huweza kufika mara kumi ya kiasi cha kawaida au kupita hapo. Matiti huwa tayari, lakini maziwa hayashuki kwa wingi, kwani homoni nyingine zitokazo katika kondo la nyuma huyazuia. Kondo likiisha kutoka, kizuizi huondoka, na maziwa hujaa baina ya siku ya pili na ya nne. Kabla ya hapo hutoka dang'a, nayo ni kidogo, nzito, na yenye rangi ya manjano. Ndani yake mna kinga ya maradhi ambayo mtoto hana nyingine mfano wake. Mwenye kuikamua na kuimwaga humnyima mtoto ngao yake ya kwanza.

Baada ya hapo kazi hushikwa na mtoto mwenyewe. Kila anyonyapo, mishipa ya fahamu hupeleka khabari ubongoni, prolaktini hupanda, na matiti hutengeneza maziwa ya kunyonya kwa mara ijayo. Homoni nyingine, iitwayo oksitosini, huyasukuma maziwa yaliyokwisha kutengenezwa yatoke nje. Kwa hivyo maziwa huongezeka kwa kunyonywa na hupungua kwa kuachwa. Mtoto akipewa chupa mahali pa titi, amri hupungua na maziwa nayo hupungua. Kisha husemwa mama hana maziwa, ilhali aliyenyamaza ni mtoto. Usiku prolaktini hupanda zaidi kuliko mchana, na kwa sababu hiyo kunyonyesha usiku kuna faida kubwa, ingawa ndiko kunakomchosha mama zaidi.

Khofu, maumivu na huzuni huizuia oksitosini, na maziwa hukawia kutoka hata yakiwapo. Mume agombaye nyumbani kisha akalalamika kwamba mtoto halali kwa njaa, huenda yeye ndiye sababu. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, umetajwa muda wa miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza kunyonyesha, na papo hapo baba amewajibishwa chakula na mavazi ya mama kwa wema. Mwenye kuijua kazi ya homoni hizi huona jinsi haki hizo mbili zilivyofungamana.

Liko jambo moja la khatari. Mwanamke akitokwa na damu nyingi mno wakati wa kuzaa, tezi ya pituitari huweza kukosa damu ikafa sehemu yake. Harold Sheehan, tabibu aliyekuwa Glasgow wakati huo, alilieleza jambo hili mwaka 1937. Alama yake ya kwanza mara nyingi ni maziwa kutoshuka kabisa. Kisha hedhi hairudi, mwili huwa mnyonge, na baridi humshika. Huo si uvivu wala si jicho la hasidi. Ni maradhi yenye dawa, na kuyapuuza huweza kuua.

4. PROLAKTINI NA KUCHUKUA MIMBA

Prolaktini ikiwa juu, huinyamazisha ile amri ya ubongo iliyo asili ya kupevuka kwa yai. Kwa hivyo anyonyeshaye hukawia kuchukua mimba nyingine. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana kwamba kinga hii hufikia 98 katika 100, lakini kwa masharti matatu: mtoto awe hajatimiza miezi sita, awe anyonya usiku na mchana bila ya kupewa chakula kingine au kwa kupewa kidogo sana, na hedhi ya mama iwe haijarudi. Likikosekana sharti moja, kinga haitegemewi tena.

5. IKIZIDI PASIPO WAKATI WAKE

Homoni nyingi za pituitari hungoja amri ndipo zitoke. Prolaktini ni kinyume chake: yapenda kutoka wakati wote, na ubongo huizuia kwa kitu kiitwacho dopamini, kama farasi azuiliwavyo kwa hatamu. Hatamu ikilegea, prolaktini hukimbia.

Sababu za kulegea ni nyingi. Baadhi ya dawa za maradhi ya akili, kama haloperidoli na risperidoni, huiondoa hatamu hiyo. Na dawa ya kichefuchefu iitwayo metoklopramidi hufanya vivyo hivyo. Tezi ya shingo ikiwa dhaifu, au figo zikishindwa kazi, prolaktini huweza kupanda. Na huenda pakaota uvimbe katika pituitari yenyewe, uitwao prolaktinoma. Uvimbe huo kwa kawaida si saratani, na mara nyingi haufiki kipenyo cha milimita 10.

Kwa mwanamke, dalili ni hedhi kukatika au kupotea njia, mimba kutoshika, na maziwa kutoka pasipo mtoto. Hapa pana dhulma ya kuogopwa. Msichana asiyeolewa akionekana na maziwa, ulimi wa watu hukimbilia zina. Lakini maziwa si ushahidi wa kuzaa. Huweza kuletwa na dawa au na uvimbe ulio kichwani, na anayemtuhumu bila ya kujua humsingizia mgonjwa.

Kwa mwanamume, matamanio hupungua, nguvu za kiume hudhoofika, mbegu huwa chache, na pengine matiti huvimba. Uvimbe ukikua hukandamiza ile mishipa ya macho ipitayo juu yake. Mtu huona mbele yake vyema, lakini ampitaye ubavuni hamwoni. Kichwa nacho humuuma. Wanaume huja hospitalini wamechelewa, na uvimbe wao mara nyingi huwa mkubwa kuliko wa wanawake. Moja katika sababu ni haya: mtu huona afadhali kununua dawa za nguvu kwa siri kuliko kumweleza tabibu maneno mawili.

6. DAWA YAKE NA YAMPASAYO MUME

Kipimo chake ni damu kidogo itolewayo mkononi. Mpimwaji atulie kwanza, kwani khofu na kazi ngumu huipandisha prolaktini kwa muda. Na ikipanda kidogo tu, hupimwa tena kabla ya kuhukumu. Mwanamke huulizwa kwanza kama ana mimba, na kila mgonjwa huulizwa dawa anywazo. Ikithibiti kwamba iko juu na sababu haijaonekana, hupigwa picha ya kichwa.

Ikiwa sababu ni prolaktinoma, dawa yake ni ile iigayo kazi ya dopamini. Bromokriptini yatumika tangu miaka ya 1970. Na siku hizi wengi hupewa kabergolini, ambayo humezwa mara moja au mbili kwa juma. Kwa wagonjwa walio wengi uvimbe hunywea bila ya kisu, hedhi hurudi, nguvu za mume hurudi, na wengi hupata watoto. Wachache ambao dawa haikuwafaa hupasuliwa kwa njia ya pua. Ama yule ambaye sababu yake ni dawa ya akili, asiiache kwa shauri lake mwenyewe, bali amwone tabibu wake aibadilishe au aipunguze.

Basi mtu aliyekaa na mkewe mwaka mzima bila ya kupata mtoto, asimtupie mke lawama, wala asilitaje neno la talaka, kabla ya wote wawili kupimwa. Haki ni kwamba mume aende naye siku ile ile, atoe damu yake pamoja na ya mke. Kwani tezi ya pituitari imo kichwani mwake pia, na huenda kizuizi kikawa kwake. Aendaye leo na kuambiwa yu mzima, hakukosa kitu. Na akiambiwa kuna ugonjwa, atakuwa ameupata ungali mdogo, macho yake yangali mazima, na mkewe angali nyumbani kwake.