Konokono Mdogo wa Kitulo na Ugonjwa wa Ini la Mifugo

Wafugaji wengi wa nyanda za juu huona ng'ombe na kondoo wao wakikonda ilhali majani ni tele. Kondoo huvimba chini ya taya, macho yake hupauka. Maziwa ya ng'ombe hupungua. Mnyama achinjwapo, ini lake huonekana gumu, na ndani ya mirija ya nyongo wamo minyoo bapa, mfano wa majani madogo. Wengine husema ni baridi, wengine husema ni uchawi. Leo twataka kujifunza habari za kiumbe ambaye pasipo yeye ugonjwa huu haungeweza kuenea. Naye ni konokono.

Uwanda wa Kitulo uko juu sana, kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari. Mvua hunyesha tangu Novemba hata Aprili, na mwezi wa Juni na Julai sakitu huweza kuanguka usiku. Wataalamu waliochunguza minyoo ya ini katika shamba la mifugo la Kitulo walimkuta huko konokono ambaye jina lake la kitaalamu ni Galba truncatula. Gamba lake ni la rangi ya kahawia, limezunguka kama ngazi, na kwa kawaida urefu wake hauzidi sentimita 1. Ulimi wake umejaa meno madogo mno, nao hukwangua ukungu wa kijani ulio juu ya tope. Ndicho chakula chake.

Twaweza kudhani ya kuwa konokono wa namna hii hukaa mtoni. Sivyo. Konokono wengi wa baharini, wakiwamo wale wenye tundu juu ya gamba wanaoshikamana na miamba ya pwani, huvuta pumzi kwa matamvua kama samaki. Huyu wetu hana matamvua, ana pafu. Kwa hiyo hapendi maji mengi, wala hawezi kustawi pakavu. Hutafuta mahali pa katikati: tope tupu lenye unyevu, kando ya chemchemi, katika mifereji ya vinyungu, na hasa katika nyayo za ng'ombe zilizojaa maji. Tazameni, ng'ombe mwenyewe akikanyaga kando ya maji humjengea adui yake nyumba! Kiangazi kikija, konokono hujificha topeni na kulala. Mvua ikirudi huamka na kutaga. Tena kila mmoja ni dume na jike pia, hata mmoja aliyebaki peke yake aweza kuanzisha kizazi kipya.

Sasa tuone jinsi ugonjwa unavyopita. Mnyoo aliye katika ini hutaga maelfu ya mayai kwa siku, nayo hutoka pamoja na mavi. Yai likikauka hufa. Likipata maji na joto la kutosha, hutoka kijidudu chenye kuogelea, nacho kina muda wa siku moja hivi kumpata konokono, kisipompata hufa. Kikimpata humwingia na kuongezeka ndani yake, hata kimoja kikawa mamia. Baada ya majuma sita au zaidi, na penye baridi muda mrefu zaidi, vijidudu hutoka, hujibandika katika majani na kujifunika ganda. Ng'ombe akiyala, mnyoo mchanga hutoboa utumbo, huingia katika ini na kulila, na baada ya miezi mitatu hivi huanza kutaga mwenyewe.

Jambo hili halikujulikana zamani. Mwaka 1879 na 1880 ugonjwa huu uliua kondoo wapatao milioni 3 katika Uingereza. Ndipo A. P. Thomas huko Oxford na Rudolf Leuckart huko Leipzig, kila mmoja kwa kazi yake, walipoonyesha kati ya mwaka 1881 na 1883 ya kuwa konokono huyu huyu ndiye mlango wa ugonjwa.

Basi tufanye nini? Dawa ni lazima, kwa shauri la bwana mifugo, kwa maana dawa nyingine huua minyoo mizima tu na kuiacha michanga. Lakini mnyama aliyeponywa akirudishwa kwenye tope lile lile, ataugua tena. Kwa hiyo tuufunge mlango. Tuzungushie chemchemi ua, na kuwanywesha mifugo katika birika lililowekwa penye ardhi ngumu. Tuchimbe mifereji ili maji yasituame malishoni. Majani ya kukata tuyatoe mlimani, si bondeni penye majimaji. Mavi mabichi tusiyatupe vinyunguni. Tuyarundike kwanza, joto la rundo liyaue mayai. Nasi wenyewe tusile mbichi mboga zinazoota majini, kwa maana mnyoo huyu humwingia mwanadamu pia.

Maswali ya kujifunza:

1. Kwa nini konokono huyu hupenda nyayo za ng'ombe kuliko mto?
2. Kwa nini dawa peke yake haitoshi?
3. Nendeni mahali mifugo yenu inyweapo maji, mkaliangalie tope kwa makini. Je, yumo?