Tusafishe Mti wa Krismasi Kabla ya Kuupamba

Mti wa plastiki uliokaa stoo ya kanisa tangu Januari una vumbi, na panya wamepita humo. Msianze kuukung'uta! Vumbi lenye mavi ya panya likipeperuka huingia kifuani. Utoeni nje, watoto wakae mbali, mnyunyizie kwanza maji ya sabuni. Angalieni ng'e pia, hapa Kalamba si mgeni. Kisha pangusen­i tawi kwa tawi, toka juu kwenda chini, kwa kitambaa kilichokamuliwa. Beseni moja yatosha. Maji tunachota mbali, na mti ukiloweshwa waya wa ndani hushika kutu. Anikeni kivulini. Taa za umeme zingoje mti ukauke kabisa. Uliochakaa msiuchome jikoni, moshi wa plastiki ni sumu.