Mbona Tumbo Linanisumbua Mpaka Mgongoni?

Mchukue msichana wa kidato cha tatu anayekaa bwenini. Kabla ya kengele ya paredi ameshakwenda chooni mara tatu. Akitoka anahisi bado, akirudi hakitoki kitu. Saa nne, baada ya uji, tumbo linajaa gesi mpaka sketi inambana. Mchana kiuno kinauma, kila kipindi anataka kwenda kukojoa, na jioni amechoka utadhani alikuwa analima. Mwaka huu ameshameza dawa za amiba mara nne. Wenzake nao wameanza kunong'ona. Wengine wanasema anatega vipindi, na wengine, kwa kuwa anasikia kichefuchefu, wanasema ana mimba.

Hana mimba, wala hategi. Inawezekana kabisa ana tatizo ambalo madaktari wanaliita IBS, yaani utumbo unaokereka upesi. Lipo duniani kote, huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza ujanani.

Dalili zake kubwa wengi wanazijua: tumbo kuuma angalau siku moja kwa wiki, kwa miezi mitatu au zaidi, na maumivu hayo yanakwenda pamoja na mambo ya choo. Unaharisha, au unapata choo kigumu kama cha mbuzi, au vyote viwili kwa zamu. Lakini zipo nyingine ambazo watu hawazisemi, na ndizo zinazomfanya mtu adhani ana magonjwa matano kwa mpigo.

Ya kwanza ni ile hisia ya "bado". Utumbo wa mwisho una mishipa ya fahamu inayotoa taarifa kwamba umejaa. Kwenye IBS mishipa hiyo ni kama mbwa anayebweka hata jani likidondoka: choo kimeisha, yeye bado anabweka. Ndiyo maana kukaa nusu saa ukijikamua hakusaidii, tena kunaweza kukuletea bawasiri. Ukishamaliza, toka. (Na vyoo vyetu vya kuchuchumaa msividharau, mkao ule hurahisisha choo kutoka.)

Kukojoa mara kwa mara nako kuna sababu. Kibofu na utumbo ni majirani, na mishipa yao ya fahamu inakutana kwenye uti wa mgongo. Mmoja akilalamika, mwingine anaitikia. Maumivu ya kiuno, na hata ya mapaja, huja kwa njia hiyohiyo. Kuna pia kichefuchefu, kushiba baada ya vijiko vichache, ute mweupe kwenye choo, na uchovu usioisha. Wasichana wengi wataona mambo yote haya yanazidi siku za hedhi. Si uzushi.

Na kwa nini asubuhi ndiyo vurugu? Utumbo mpana wa kila binadamu huamka pamoja naye, na husukuma kwa nguvu zaidi baada ya kula. Ongeza hofu ya mtihani, kwa kuwa ubongo na utumbo huwasiliana muda wote, halafu uone.

Wengine huanza baada ya kuharisha vibaya. Mwaka 2000 huko Walkerton, mji mdogo wa Kanada, maji ya bomba yalichafuliwa na vijidudu kutoka kwenye samadi ya ng'ombe. Watu zaidi ya 2,000 waliugua na 7 walikufa. Waliopona walifuatiliwa kwa miaka minane, na IBS ilionekana kwao zaidi kuliko kwa majirani ambao hawakuugua. Vijidudu vilishaondoka, ila utumbo ulibaki na wasiwasi. Sasa fikiria yule msichana na dozi zake nne. Kama amiba hayupo, dawa ya amiba itamuua nani?

USIJIPIME MWENYEWE

Jamani, kusoma ukurasa huu si kupimwa. Nenda kituo cha afya, wapime choo na mkojo. Kwetu huku minyoo, amiba na kichocho vipo kweli, hasa kama unaoga ziwani au kwenye madimbwi, na kukojoa kila saa kunaweza kuwa U.T.I. au kisukari. Wahi zaidi ukiona damu kwenye choo au mkojo, choo cheusi kama lami, homa, kutapika kusikokoma, kukonda bila sababu, au ukiamshwa usingizini na maumivu au kuharisha. Hayo si mambo ya IBS.

Vipimo vikiwa safi, usikasirike ukadhani umeambiwa unajifanya. Maumivu ni ya kweli, ila utumbo hauna kidonda. IBS haigeuki saratani wala haifupishi maisha. Ile methali ya mficha maradhi tunaijua sote, lakini haya hayaui. Yanakunyima raha tu, na hiyo peke yake inatosha kutafuta msaada. Daktari anaweza kukupa dawa ya kulegeza misuli ya utumbo. Usijinunulie dawa za maumivu hovyo, nyingine huchubua tumbo.

KULA NA KUISHI SHULENI

Maharage yana sukari ambayo sisi hatuwezi kuisaga, bakteria wa utumboni wanaila na kutoa gesi. Vitunguu na ngano vina sukari ya namna hiyo, na maziwa huwasumbua wengi kwa sababu nyingine. Lakini usiache maharage moja kwa moja! Bado unakua, na shuleni mara nyingi ndiyo protini pekee. Punguza kiasi, uone baada ya wiki mbili tatu. Wapishi wakiyaloweka usiku na kumwaga yale maji, gesi hupungua. Wali na ugali kwa kawaida havina ugomvi. Pilipili, soda na chai ya rangi kali, pima mwenyewe. Andika kwenye daftari ulichokula na kilichotokea.

Amka dakika ishirini kabla ya wengine, unywe maji, uende chooni bila foleni. Tembea au cheza mpira. Kabla ya mtihani vuta pumzi taratibu mpaka tumboni, mara kumi.

Kilicho kigumu zaidi ni kumwambia mwalimu. Huna haja ya kueleza habari za choo mbele ya darasa. Mfuate ofisini, au anza na matroni: "Shikamoo mwalimu. Nina tatizo la tumbo, nimepimwa, na daktari ameandika. Kuna wakati nitahitaji kutoka ghafla. Naomba nikae karibu na mlango, nikitoka nisiulizwe." Kisha mpe ile karatasi.