Itorero: Shule ya Wafalme wa Rwanda

Mtu akitaja neno "intore" hapa Mbarara au kule Nakivale, wengi wetu huwaona mara moja wachezaji wenye nyuzi ndefu vichwani, kama manyoya ya simba dume, wakirukaruka na mikuki mikononi. Wachache wajua kwamba jina hilo lilikuwa la wanafunzi. Maana yake ni "wateule", na shule yao, itorero, ilikuwa katika ua wa Mwami wa Rwanda.

Wafalme wa Korea nao walikuwa na chuo chao mjini Seoul, Seonggyungwan, kilichojengwa mwaka 1398. Kilikuwa na hekalu la Confucius, ukumbi wa masomo, mabweni na vitabu. Itorero haikuwa na kuta. Kabla ya makao ya Mwami kutulia Nyanza, karibu na mwaka 1900, Mwami alihama mara kwa mara, na shule ilihama naye.

Vijana, hasa wana wa machifu, walifundishwa kutupa mkuki, kupiga upinde, kuruka na kucheza. Lakini kucheza, kwa maoni yangu, kulikuwa sehemu ndogo. Kazi ngumu ilikuwa ya ulimi. Kila kijana alitunga majigambo yake, yaitwayo ibyivugo, akayasema mbele ya watu bila kukwama. Jioni, katika igitaramo, alisikiliza habari za vita na mashairi marefu ya watunzi wa Mwami, akayashika kwa ghibu. Alizoezwa pia kuizuia hasira yake hadharani. (Somo hilo lingetufaa sana mabwenini!)

Wabelgiji walitaka makarani. Mwaka 1929 mabruda Wakatoliki walianzisha shule Astrida, mji uitwao sasa Huye, na huko wana wa machifu wakasoma Kifaransa na kazi za utawala. Ufalme wenyewe uliondolewa mwaka 1961.

Chuo cha Korea kiliteketea vitani mwaka 1592, kikajengwa tena. Itorero yajengwaje tena? Padre Alexis Kagame aliyakusanya mashairi ya ikulu, akatoa kitabu mwaka 1951. Mengine yalivuka mpaka vichwani mwa wakimbizi, kuanzia mwaka 1959. Mchezo watoto huushika kwa kutazama. Icyivugo yataka mtu wa kukifundisha. Aliyekuwa na miaka 15 wakati ule sasa amepita 80. Mwenzangu, ukiwa na babu wa umri huo, mwombe akusemee chake, au cha baba yake, nawe ukiandike kwa Kinyarwanda kama alivyokisema.