Kengele ya Kitanda Inaponyamaza

Kengele ya kitanda au kiti humwarifu muuguzi kwamba mgonjwa aliye katika hatari ya kuanguka anainuka. Aina iliyozoeleka hutumia mkeka mwembamba wenye kihisi, uliounganishwa kwa waya na kisanduku cha kengele. Uzito ukiondoka, kengele hulia.

Isipolia, kwanza ihakikishwe kuwa kisanduku kimewashwa, betri ina nguvu na waya umechomekwa barabara. Kisha itazamwe tarehe ya mwisho ya kutumia mkeka, kwani vihisi huchakaa. Ukaguliwe pia muda uliowekwa kabla ya kulia: sekunde chache zamtosha mgonjwa kusimama.

Ikilia ovyo, huenda mkeka umejikunja au umesogea kutoka chini ya makalio. Irekebishwe, isizimwe, nao ndugu wa mgonjwa wamwite muuguzi. Milio ya uongo ikizoeleka, ule wa kweli hautakimbiliwa.

Kila zamu, mkeka ubonyezwe kwa mkono na kuachiliwa, na mlio usikilizwe kutoka mahali wauguzi wanapokaa.

Hata hivyo, kengele haimdaki anayeanguka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha wodi 16 za hospitali moja ya Marekani na wagonjwa 27,672, ulionyesha kwamba kuongeza matumizi ya kengele za vitanda hakukupunguza maanguko kwa kiasi cha maana. Mgonjwa huinuka kwa sababu ya haja, kiu au maumivu. Basi aulizwe mapema, apelekwe msalani kwa wakati, na kitanda kishushwe chini.